Kubadilisha Sanduku la Zamani la Umeme: Mawaidha kwa Wenye Nyumba wa Kapolowe

Dibaji

Sisi wakazi wa Kapolowe tu majirani wa chimbuko la umeme, kwani tangu mwaka 1930 maji ya mto Lufira, yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, huzungusha mitambo ya Mwadingusha, iliyojengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière na ambayo leo ni ya SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970. Lakini ujirani huo hautukingi na madhara. Na hatari iliyo karibu mno na watoto wetu aghalabu imo katika sanduku la fyuzi lililopachikwa ukutani zama za wazee wetu, ambalo hatulitazami ila siku taa zinapozimika.

Upungufu wa sanduku la zamani

Kazi ya fyuzi ya kaure ni moja tu: kuungua pindi umeme unapozidi kiasi kinachohimiliwa na waya, ili waya usishike moto. Nayo kazi hiyo hubatilika mara mtu anapoifunga fyuzi iliyoungua kwa waya mnene wa shaba, kitu kisichokosekana katika nchi yetu ya migodi. Maana tangu siku hiyo fyuzi haiungui tena, na kitakachoungua ni waya uliofichwa darini.

Tena, hata fyuzi iliyo sahihi haimwokoi aliyenaswa na umeme, kwa sababu sehemu ndogo ya ampea moja yatosha kumwua mwanadamu, ilhali fyuzi ya ampea 10 haishtuki mpaka kiasi hicho kipitwe. Kadhalika, katika masanduku mengine fyuzi iliwekwa hata kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Ikiungua hiyo peke yake, taa huzimika na mwenye nyumba hudhani yu salama, kumbe waya unaoleta umeme bado unao.

Sifa za sanduku jipya

Kila njia ya umeme iwe na disjonkteri yake, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapozidi, inayolingana na unene wa waya:

– taa, waya wa milimita mraba 1.5: ampea 10;
– soketi, waya wa milimita mraba 2.5: ampea 16;
– jiko, waya wa milimita mraba 6: ampea 32.

Juu ya hizo iwekwe disjonkteri ya kulinda uhai, ambayo hulinganisha umeme utokao na urudio, na tofauti yao ikifikia miliampea 30 huukata kabla moyo haujadhurika.

Taratibu ya kazi

1. Iombwe SNEL ikate umeme kabla ya mita, wala mtu asifungue sanduku kwa kutegemea swichi ya ndani pekee.

2. Fundi mwenye ujuzi apime waya zote kwanza. Zile zilizovikwa mpira na kitambaa, ambazo ganda lake hupukutika zikiguswa, zibadilishwe, kwani sanduku jipya juu ya waya mbovu ni mapambo tu.

3. Nguzo ya shaba ya waya wa ardhi izikwe, na upimaji wake urudiwe wakati wa kiangazi, maadamu udongo mkavu huupitisha umeme kwa shida kuliko udongo uliolowa masika.

4. Kazi ikiisha na umeme ukirudishwa, kitufe cha majaribio cha disjonkteri ya kulinda uhai kibonyezwe, na baada ya hapo kila mwezi. Umeme usipokatika, fundi aitwe siku hiyo hiyo.

5. Umeme wa mtaa ukikatika, vyombo vichomolewe, kwa kuwa unaporudi huenda ukaja kwa nguvu isiyo ya kawaida, na disjonkteri hizi hazikuumbwa kuizuia.

Wasia

Gharama ya kazi hii si ndogo kwa mwenye kipato haba, nasi twalijua hilo. Asiyeweza kuibeba kwa mara moja na aanze leo kwa kuondoa kila waya wa shaba uliofungwa mahali pa fyuzi, kisha atie disjonkteri ya kulinda uhai, na mengine yafuate kwa kadiri ya uwezo wake. Uhai wa jamaa zako ni amana mikononi mwako. Usiuahirishe ulinzi wake.