Vumbi Jeusi la Fonti

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaofua nguo za kazi,

Mchimbaji anayetoboa jiwe anajua kwamba vumbi linaharibu mapafu. Mkerezaji wa atelye hudhani habari hiyo si yake. Hapa Kindu, ambako bati la Kalima lilipita kwa miaka mingi kupanda gari la moshi, fundi wa turu hukutana na fonti mara kwa mara: kasha la pampu leo, puli kesho.

Fonti ya kijivu ina grafiti, ile ile ya kalamu ya risasi. Kwa hiyo haitoi nyuzi ndefu kama chuma cha pua, bali inavunjika vipande vidogo na unga mweusi. Unga huo unachafua, lakini kibaya zaidi ni mchanga wa kalibu ulioshika kwenye ngozi ya kitu kipya. Mchanga huo una silika. Chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho, nazo zinafika mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo ni silikosi, na hauna dawa ya kuuponya. Tangu 1997, watafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu silika hiyo kati ya vitu vinavyoleta kansa.

Basi kabla ya kufunga kitu kwenye turu, kilowesheni, mkisugue nje kwa burashi ya waya, kisha kikauke. Kata ya kwanza iwe nene, ncha ya kisu ipite chini ya ngozi. Ukikwaruza juu juu unasaga mchanga, na kisu kinakwisha.

Kerezeni fonti kavu. Maji ya sabuni ya mashine yanageuza unga kuwa tope, nalo linakula njia za turu kama dawa ya kusagia. Njia hizo zifunikwe kwa bamba lililofungwa imara. Kitambaa hapana: kikinaswa kinavuta mkono.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, mkubwa wangu alisafisha turu kwa upepo wa kompresa. Mashine iling'aa, nami nikaenda dispensari na chembe jichoni. Kumbe vumbi halikuondoka, lilihamia kwetu! Tumieni mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini. Ikikosekana, tieni sumaku katika mfuko wa plastiki, iokote chuma, kisha pindueni mfuko. Grafiti na mchanga havishikwi na sumaku, hivyo malizieni kwa kitambaa chenye unyevu, turu ikiwa imezimwa, halafu pakeni mafuta. Leso puani haizuii silika. Ombeni maski ya FFP2 au FFP3.

Chembe ikiingia jichoni, usisugue. Nenda dispensari siku hiyo hiyo, kwa maana chuma kinashika kutu ndani ya jicho.

Nanyi mama, baba akirudi na nguo nyeusi, msizikung'ute mbele ya watoto. Zitumbukizeni kwanza majini, peke yake, mbali na nguo za mtoto mchanga. Naye baba aoge kabla ya kumbeba.