Mtoto amevunjika paja: hogo au vyuma?

Daktari, mwanangu wa miaka minane anatakiwa kupasuliwa. Mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alifungwa hogo tu akapona. Kwa nini?

Ni umri. Mfupa wa mtoto mdogo huunga upesi, na hata ukiunga ukiwa umepinda kidogo au umefupika sentimita moja, hujirekebisha wenyewe kadiri anavyokua. Ndiyo maana kati ya miezi 6 na miaka 5 hivi, hogo la plasta kuanzia chini ya kifua hadi mguuni huwatosha wengi. Mwanao ameanza kuupoteza uwezo huo, tena ni mzito kubebwa ndani ya hogo la namna hiyo. Njia nyingine ni kulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mzigo, na mahali pengi bado hufanyika hivyo. Mtoto anakosa masomo, mzazi anakosa kazi. Akiwekewa vyuma hurudi nyumbani baada ya siku chache. Mimi ningechagua vyuma.

Vyuma vyenyewe vikoje?

Kwa wa miaka 5 hadi 11 hivi, ni fimbo mbili nyembamba zinazonyumbulika. Njia hii ilienezwa na madaktari wa Nancy, Ufaransa, miaka ya 1980. Tunachana kidogo juu ya goti, ndani na nje, kisha tunazipandisha katikati ya mfupa zikiwa zimepinda kama pinde mbili zinazosukumana. Mara nyingi pale palipovunjika hapafunguliwi kabisa. Ila uzito ukizidi kilo 50 hivi, fimbo hizo huelemewa. Mfupa uliosagika vipande vipande nao hauzifai. Huo tunaweza kuushika kwa bamba refu lililopitishwa chini ya misuli.

Kijana mzito wa miaka 12 na kuendelea huwekewa fimbo moja nene yenye skrubu. Hapa nawasihi wazazi waulize: fimbo itaingilia wapi? Kwa mtu mzima inaweza kupitia kishimo kilicho karibu na shingo ya mfupa. Kwa kijana anayekua, mishipa inayolisha kichwa cha paja hupita hapo hapo. Ikijeruhiwa, kichwa hicho hufa, na nyonga ya mtoto wa miaka 13 ikiharibika ataburuza mguu huo maisha yake yote. Kwa hiyo tunaingilia kwenye nundu ya nje, juu ya paja.

Hospitali yetu haina eksirei ya chumba cha upasuaji.

Zipo fimbo zilizobuniwa kwa hali hiyo. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na Dkt. Lewis Zirkle mwaka 1999 huko Richland, Marekani, hutengeneza fimbo ambazo skrubu zake hulengwa kwa kifaa cha mkono. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, imezitumia kwa miaka mingi.

Mguu hautadumaa?

Asilimia 70 hivi ya urefu wa mfupa wa paja huongezeka kutoka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na goti, nasi huingiza fimbo juu ya tabaka hilo bila kuligusa. Kinachotokea zaidi ni kinyume: kwa wa miaka 2 hadi 10, mguu uliovunjika huweza kurefuka kwa takriban sentimita moja kuliko mwenzake. Msikatishe kliniki kwa sababu mtoto anatembea vizuri. Tunapima miguu hadi mwaka mmoja au miwili.

Tulianzia kwa muunga mifupa.

Sikulaumu, mzazi. Lakini vijiti vilivyokazwa sana hukata damu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, fungueni mara moja na mje hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa nini mnatuhoji sana mtoto mchanga akivunjika?

Asiyetembea bado ni nadra kuvunjika paja bila kuumizwa. Lazima tuulize.

Atacheza mpira lini?

Magongo kwanza, kwa wiki kadhaa. Mpira husubiri hadi picha ionyeshe mfupa umeunga imara, mara nyingi miezi mitatu hadi sita. Fimbo nyembamba kwa kawaida hutolewa kati ya miezi 6 na 12.