Darsa: Kuhusuriwa kwa Mji wa Dimyati

Tulipokuwa tukisoma Suratul Anfal katika darsa yetu, mwanafunzi mmoja aliniuliza suali lisilostahili jawabu la haraka. Alisema: "Sheikh, sisi tumeamrishwa tuweke tayari kila nguvu tuwezayo. Mbona basi miji ya Kiislamu iliyokuwa na ngome na silaha ilitekwa?" Nikamwambia kuwa katika sura hiyo hiyo, aya chache kabla ya hiyo, iko aya nyingine yenye kutukataza kuzozana. Wengi wetu huisoma ile ya nguvu kwa sauti kubwa, na hii huipita mbio. Kisha nikamtajia Dimyati, na niliyomweleza ndiyo haya.

Dimyati ni mji wa Misri, katika ukingo wa mashariki wa tawi la mashariki la Mto Nili, karibu na bahari. Aliyeushika mji ule alikuwa ameushika mlango wa Misri, kwani jahazi zitokazo baharini zilipanda mto kwa njia hiyo. Kwa hivyo wafalme waliuzungushia kuta na minara, na ndani ya mto wenyewe, ng'ambo ya mji, wakajenga mnara juu ya maji. Kutoka mnara huo hata ukuta wa mji ulipita mnyororo wa chuma. Ukikazwa, hakipiti chombo. Ukilegezwa, wafanya biashara hupita na mali zao.

Mwishoni mwa Mei mwaka 1218 (615 Hijria) majeshi ya Vita vya Msalaba yalishuka ukingo wa magharibi, mkuu wao akiwa John wa Brienne. Makusudio yao yalikuwa Baitul Mukaddas, ambayo Salahuddin aliirejesha mwaka 1187, nao waliona kuwa atakayeishika Misri hatashindwa kuipata. Mnara ule uliwazuia kwa muda wa miezi mitatu. Ndipo mwalimu mmoja wa Cologne, jina lake Oliver, alipobuni hila: waliunganisha marikebu mbili, wakasimamisha milingoti minne na foromali zake, juu yake wakajenga ngome ya mbao yenye ngazi, wakaifunika kwa ngozi ili moto usiishike. Insafu yatutaka tukiri kuwa ile ilikuwa kazi ya akili na elimu. Mwishoni mwa Agosti mnara ulitekwa na mnyororo ukakatwa. Siku chache baadaye Sultani al-Adil, nduguye Salahuddin, alifariki huko Sham.

Watu husema kuwa Dimyati iliondoka siku ulipokatwa mnyororo. Sivyo. Mwanawe al-Adil, Sultani al-Kamil, alikuwa amepiga kambi upande wa mji, akazamisha vyombo mtoni ili kuziba njia. Mafaranji wakachimbua mfereji wa zamani wakazungusha marikebu zao. Lakini kuvuka hata ukingo wa mji hawakuweza. Chakula kiliingia mjini, na askari waliingia na kutoka.

Kisha ikaja fitina. Amiri mmoja mkubwa, Imaduddin Ahmad ibn al-Mashtub, alifanya njama ya kumwondoa al-Kamil na kumtawaza mdogo wake, al-Faiz. Habari zilimfikia Sultani, naye asijue katika maamiri wake ni nani wa kumwamini. Usiku mmoja wa Februari 1219 akapanda farasi akaondoka kimya kimya kwenda Ashmun. Kulipopambazuka, askari walitafuta Sultani wao wasimwone, na kila mmoja akakimbia na roho yake, wakaacha mahema, silaha na vyakula. Mafaranji wakauvuka mto bila ya vita, mto uliowashinda kwa miezi minane.

Baada ya siku mbili alifika ndugu mwingine, al-Muadhdham wa Dameski, akamwondosha Ibn al-Mashtub na kumpeleka Sham. Ile fitina ilizimwa kwa siku chache, lakini mji ulikuwa umekwisha kuzungukwa bara na mtoni, na tundu lile halikuzibwa ila baada ya miaka miwili na nusu na zaidi.

Walioilipa fitina hiyo si maamiri. Ni watu wa mjini, waliofungiwa na njaa na maradhi. Al-Maqrizi amtaja askari mmoja, Shamail, aliyekuwa akiogelea usiku baina ya marikebu za adui, akiwapelekea habari na kuwatia moyo. Bwana huyu alitoka vijiji vya Hama, hakuwa na nasaba ya kifalme. Baadaye akawa wali wa Kairo. Nami humtaja zaidi kuliko masultani.

Al-Kamil alikuwa tayari kuwapa Mafaranji Baitul Mukaddas ili wauache mji. John alitaka kukubali. Pelagius, mjumbe wa Papa, akakataa. Tarehe 5 Novemba 1219 (Shaaban 616) waliona mnara mmoja hauna walinzi, wakaweka ngazi wakapanda. Ndani walikuta maiti majumbani na njiani, na waliobaki hai hawana nguvu ya kusimama.

Mafaranji nao wakaanguka katika shimo lile lile. Pelagius na John walizozana hata John akaenda zake, akarudi Julai 1221 na kukuta safari ya kwenda Kairo imekwisha kuamuliwa, nao msimu wa Nili kufurika umefika. Safari hii wana wa al-Adil walikuwa pamoja: al-Kamil, al-Muadhdham na al-Ashraf. Karibu na Mansura jahazi za Waislamu ziliikata njia ya nyuma, milango ya maji ikafunguliwa, na jeshi likabaki katika matope. Lilisalimu amri tarehe 30 Agosti 1221, na mwezi uliofuata Dimyati ikarudi. Al-Kamil aliwapelekea chakula maadui wale wenye njaa, na aliyeandika kumsifu kwa hilo ni yule yule Oliver aliyebuni ngome ya marikebu.

Mwaka 1249 alikuja Louis wa Ufaransa. Kuta zilikuwa zimesimama imara, lakini walinzi wake walikimbia, akaingia mjini bila ya kuuhusuru. Uliporejeshwa mwaka 1250, watawala wapya wa Misri walituma waashi, wasijenge bali wabomoe. Kuta zote zikaangushwa, ukaachwa msikiti, na watu wakajenga mji mwingine kusini yake kidogo.