Presha ya Oili Ikilala

Likizo iliyopita motokaa ya baba mdogo, iliyokuwa imefungwa injini upya, ilitutia mashaka. Alfajiri, katika baridi ya Sumbawanga, mshale wa oili ulisimama vema. Tulipopanda Lyamba lya Mfipa kutoka Muze, ukalala. Baba mdogo akazima injini pale pale. Alifanya vizuri, maana beringi zikikosa oili huungua upesi.

Fundi alitaka kuifungua injini yote tena. Mimi nilisihi tupime kwanza. Pampu husukuma oili, lakini presha huletwa na wembamba wa njia; oili ikipata moto huwa nyepesi, hupita upesi, na mshale hushuka kidogo. Huo si ugonjwa. Ila geji ya pili, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ilisoma ratili 8 kwa inchi ya mraba. Mafundi hutaka kama 10 kwa kila mizunguko 1,000.

Tukafungua vali ya kupunguzia presha, ambayo katika injini ile hufikiwa kwa nje. Chembe ya chuma, masalio ya kukereza, iliizuia isifunge. Asubuhi uzito wa oili baridi uliuficha ubovu huo. Tukasafisha, mshale ukapanda. Kisha tukapasua chujio la zamani: chembe nyingine mbili! Baba mdogo hajaiteremsha tena Muze.