Kwa nini mbegu chotara hairudiwi: somo la jeni kwa mkulima wa Karatu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilivuna mahindi chotara mazuri sana kwenye eka zangu mbili pale Rhotia. Nikachagua yale yenye magunzi makubwa kuliko yote, nikapukuchua punje za katikati tu, nikazitia dawa, nikaweka mbegu ya mwaka unaofuata. Jirani yangu akaja akaona. "Bwana shamba, na mimi nifanye hivyo?" Nikamwambia fanya, mbegu ya dukani ni gharama. Alikuwa amekopa VICOBA akodishe eka tatu.

Masika yaliyofuata shamba lake lilikuwa na kila aina ya mmea. Huu mrefu, ule mfupi, mwingine unatoa mbelewele wakati mwenzake bado ana majani manne. Langu nalo lilikuwa hivyo hivyo, ila mimi nina mshahara, yeye ana mkopo. Jirani hakusema kitu. Mke wake ndiye aliyeniuliza siku ya kuvuna: "Shemeji, ile mama ilikuwa nzuri. Mbona watoto wake siyo?"

Nilikuwa na stashahada ya kilimo na jibu nililokuwa nalo ni sentensi moja ya darasani: chotara hairudiwi. Kwa nini hairudiwi, sikuweza kumweleza. Ndipo nikarudi kusoma, safari hii kwa simu.

Nilivyosoma

Usiku, kifurushi kikiwa nafuu, nilipakua masomo ya baiolojia ya Khan Academy, nikayaangalia asubuhi bila kutumia bando. Baadaye nikaenda kwenye mihadhara ya chuo cha MIT cha Marekani. Wameiweka wazi, bure kwa yeyote. Chuo Kikuu cha Utah nacho kina ukurasa unaoitwa Learn.Genetics, wenye michoro mizuri kwa mtu asiyependa maneno mengi.

Ushauri wangu kwa anayetaka kufuata njia hiyo: usianze na DNA. Mimi nilianza huko nikapotea wiki tatu kwenye herufi na kemia, nikakaribia kuacha. Anza na urithi, yaani nini kinatoka kwa baba na nini kwa mama. Ukishaelewa hapo, panda kwenye kromosomu, DNA iwe ya mwisho. Na kama Kiingereza kinakusumbua, kila wanapotoa mfano wa njegere wewe andika mahindi kwenye daftari lako, wakitaja nzi andika mbuzi. Somo linabaki lile lile, ila sasa linakaa kichwani.

Jozi

Ndani ya kila chembe hai ya mmea au mnyama kuna kromosomu, na zimepangwa kwa jozi. Mahindi yana jozi 10, maharage 11, vitunguu 8, ng'ombe 30. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Jeni ni kipande cha kromosomu chenye agizo fulani, kwa mfano agizo la kutengeneza rangi ya punje. Kwa hiyo kwa kila agizo mmea una nakala mbili. Wakati wa kutengeneza chavua au yai, jozi inaachana na nakala moja tu ndiyo inayosafiri. Ipi itasafiri? Ni bahati nasibu.

Chukua makopo mawili. Kila kopo litie punje 20 za maharage mekundu na 20 meupe. Kopo moja ni chavua, la pili ni mayai. Funga macho, toa punje moja kila kopo, andika ulichopata, rudisha, tikisa. Fanya mara 100. Utapata nyekundu-nyekundu kama 25, mchanganyiko kama 50, nyeupe-nyeupe kama 25. Haitakuwa sawasawa, na usidhani umekosea. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, alihesabu punje za njegere akapata mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Hiyo ni karibu tatu kwa moja lakini siyo tatu kamili. Zile 3 ni robo moja pamoja na ile nusu yenye mchanganyiko, kwa sababu agizo la mviringo linalifunika lile la kukunjamana.

Sasa turudi kwenye mfuko wa mbegu. Mtengenezaji wa chotara huchukua mahindi akayachavusha yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi, mpaka karibu kila jozi inakuwa na nakala mbili zinazofanana. Huo ni ukoo mmoja, tuseme wote nyekundu. Anafanya hivyo hivyo kwa ukoo wa pili, wote nyeupe. Ukiiona mimea ya koo hizo utashangaa: mifupi, minyonge, magunzi madogo. Lakini akizipandisha pamoja, kila mtoto anapata nyekundu moja na nyeupe moja. Mahali jeni ya baba ni dhaifu, ya mama inaifunika. Ndiyo maana shamba la chotara linasimama kama wanafunzi kwenye gwaride, wote kimo kimoja, na linazaa.

Ukirudia mbegu hiyo umerudi kwenye makopo. Nusu ya jozi zilizokuwa mchanganyiko zinakuwa za aina moja tena, na udhaifu uliokuwa umefunikwa unafunuka. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme koo za wazazi zinatoa gunia 8 kwa eka na chotara wao gunia 24. Nyongeza ni 16. Kizazi cha pili kinabaki na nusu ya nyongeza, yaani 8, kwa hiyo utapata kama gunia 16. Umepoteza gunia 8 kwa kila eka ili usinunue kilo 10 za mbegu. Weka bei ya gunia la soko la Karatu na bei ya mbegu ya duka lako, fanya hesabu mwenyewe. Chotara nyingi zinazouzwa zina wazazi watatu badala ya wawili, na hizo hupoteza pungufu kidogo, lakini bado zinapoteza.

Na yale magunzi makubwa niliyochagua je? Hapa ndipo nilipojiona mjinga. Katika shamba la chotara mimea karibu yote ina jeni zile zile. Kwa hiyo gunzi kubwa halikuwa na damu bora kuliko jirani yake. Lilikuwa karibu na zizi la zamani, lilipata samadi. Nilichagua mbolea nikidhani nimechagua mbegu.

Watu wa ukanda wetu wanajua faida ya kuchanganya koo za mbali tangu zamani. Kule Kitale, Kenya, watafiti walichukua mahindi ya pale pale wakayapandisha na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuado, Amerika Kusini, na mwaka 1964 wakatoa H611. Baba na mama walikuwa wametengana kwa bahari.

Lipi linarudiwa

Maharage ni habari nyingine kabisa. Ua la haragwe linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka vizuri, kwa hiyo jozi zake zimeshafanana tangu vizazi vingi. Lyamungo 90 au Selian 97 ukiitunza vizuri, mtoto anafanana na mama. Tatizo la kurudia maharage ni magonjwa yanayosafiri ndani ya punje na kuchanganyikana gunia kwa gunia, siyo jeni. Chagua mimea safi shambani kabla ya kuvuna, usisubiri kuchambua kwenye turubai.

Mahindi yasiyo chotara, kama Situka M1 au Staha, unaweza kurudia misimu michache ukichukua mbegu kwa mimea mingi, ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Chavua ya mahindi huenda na upepo, haijui mpaka. Mbaazi ziko katikati: zinajichavusha, lakini nyuki wanazichanganya pia. Ukipanda ya Mali karibu na ya kienyeji, baada ya misimu michache huna Mali tena. Vitunguu vya Mang'ola ndiyo kabisa, kazi yote ni ya nyuki, na anayezalisha mbegu anahitaji kujitenga hata kilometa moja na kitunguu kingine kinachotoa maua. Wale mnaonunua mbegu ya kitunguu kwa kikombe bila kuuliza ilizalishwa wapi, muwe mnauliza. Na mfuko wa dukani uwe na lebo ya TOSCI.

DNA inaingia wapi

Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA ulioviringishwa, na uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Mpangilio wa herufi ndio agizo. Herufi moja ikibadilika, pengine hakuna kitakachotokea, pengine mmea unashindwa kupambana na ugonjwa.

Mnakumbuka ule ugonjwa wa mahindi kukauka kuanzia majani ya juu, MLN. Uligunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, mwaka uliofuata ukawa umefika Tanzania. Unasababishwa na virusi viwili vinavyokutana kwenye mmea mmoja. Mwaka 2013 CIMMYT na wenzao wa Kenya walifungua kituo Naivasha cha kupima mahindi dhidi yake. Zamani mtafiti alilazimika kupanda, kuambukiza na kusubiri. Akishajua sehemu ya DNA inayoenda pamoja na ukinzani, anachukua kipande cha jani la mche mchanga, anasoma sehemu hiyo maabara, na anajua mapema mche upi aubakize. Hiyo siyo kuingiza jeni ya kigeni. Ni kuchagua kama wazee walivyochagua, ila anasoma herufi badala ya kuangalia gunzi. Nasema hivi kwa sababu kila nikitaja DNA kwenye mkutano wa kijiji kuna mtu anauliza kama mahindi yatatuzuia kuzaa.

Simba wa kreta

Sasa mifugo, na mfano uko juu yetu hapo, ukipita lango la Lodoare. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walizidi ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Simba wakadhoofika, wakajaa vidonda, wakafa. Kutoka kwenye makadirio ya 60 mpaka 75 walibaki kama 10, na dume mmoja tu kati yao. Miaka ya 1964 na 1965 madume saba wakaingia kutoka nje. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuna mgeni aliyezaa pale. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 na Craig Packer na wenzake ulionyesha kwamba simba wote wa kreta walitokana na wazazi 15 tu.

Idadi ilipanda, ikapita 100. Kwa mtalii mambo yalikuwa mazuri. Lakini watafiti walipopima mbegu za madume, kwa simba wa Serengeti zilizo na kasoro zilikuwa karibu robo, kwa wa kreta karibu nusu. Ni yale yale ya makopo: ndugu kwa ndugu, nakala dhaifu zinakutana.

Nenda sasa kijijini kwako uhesabu madume. Vijiji vingi ninavyotembelea vina dume mmoja wa kisasa anayesifiwa na kila mtu, na amekaa miaka mitano. Binti zake wameshapanda, na anayewapanda ni yeye. Ndama wa baba na binti ana nafasi moja kati ya nne, kwa kila jeni, ya kupata nakala ile ile mara mbili. Kwa mjukuu ni moja kati ya nane. Utaona ndama wadogo, wanaokua polepole, majike yanayopandwa mara tatu bila kushika, na utamlaumu daktari.

Hesabu ya kumwondoa ni rahisi. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kuingia joto akiwa na mwaka mmoja na kidogo. Kwa hiyo dume akifikisha miaka miwili kwenye kundi lako, muuze au badilishana na mtu wa mbali. Wa Rhotia atafute wa Endabash, siyo wa mtaa wa pili, kwa sababu wa mtaa wa pili huenda ni kaka yake. Wanaotumia uhimilishaji nao wasijione wamepona. Mbegu ya kutoka kituo cha NAIC Usa River huja kwenye mrija wenye namba ya dume. Namba hiyo iandikwe, pamoja na tarehe na jina la ng'ombe, kwenye daftari la shule la kawaida tu.

Yule mama jirani yangu anayo daftari hiyo. Mkopo waliumaliza msimu wa pili kwa maharage, na sasa ana ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Mwezi uliopita mtaalamu alikuja kumhimilisha yule mtamba, mrija ukiwa tayari mkononi. Mama akaomba aione namba kwanza, akafungua daftari, akageuza kurasa taratibu. "Huyu ni baba yake," akasema. Mtaalamu akafungua tena mtungi wake, akatafuta mwingine.