Somo la Kemia: Mizani ya Chokaa

Mtihani wa kwanza wa kemia huwakwaza wengi, si kwa ugumu wa majina, bali kwa kusahau mizani. Basi twawapa walimu na wanafunzi mfano mmoja, nao ni tanuu la chokaa.

Watu wa pwani tangu kale wamechoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi kabonati. Hii ni kampaundi, yaani kitu kilichoungwa kwa elementi kadha kwa kipimo kisichobadilika; nazo ni kalisi, kaboni na oksijeni. Elementi ni kitu ambacho kwa njia za kemia hakigawanyiki tena kuwa vitu vingine. Mchanganyiko ni mbali: chumvi na mchanga vikichanganywa, kila kimoja hubaki na tabia yake, na maji huvitenga.

Sasa choma gramu 100 za kalisi kabonati safi katika moto wa digrii 900 hivi za sentigredi, hata igeuke yote. Ukipima utaona gramu 56 tu. Mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba gramu 44 zimepotea. La, hazikupotea, zimetoka kuwa hewa ya kaboni dioksidi, ambayo Joseph Black wa Uskoti alieleza habari zake mwaka 1756.

Chokaa ile gramu 56 ikiungana na maji gramu 18, hutoa joto jingi ikawa chokaa iliyozimwa, gramu 74. Ikipakwa ukutani, polepole huvuta hewa ile ile gramu 44, hutoa maji gramu 18, na kurudi kuwa kalisi kabonati gramu 100. Jumlisheni: 74 na 44 ni 118, 100 na 18 ni 118 vilevile.

Mwalimu aonyeshaye jambo hili na aangalie sana. Chokaa itiwe kidogo kidogo katika maji mengi, wala maji yasimwagwe juu ya chokaa, maana huruka na kuweza kupofusha. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe pale pale kwa maji safi mengi, kisha mtu apelekwe hospitali.

Swali: gramu 50 zikichomwa hivyo, zitabaki ngapi? Jibu ni 28. Asiyeweza kusema zile 22 zimekwenda wapi, na arudie somo kabla ya siku ya mtihani.