Rudi kwa Upendo wa Kwanza

Somo: Ufunuo 2:1–7

Waefeso walipookoka, wengi waliokuwa wakifanya uchawi walileta vitabu vyao wakavichoma hadharani. Hesabu ilipopigwa, ilikuwa vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Wangeviuza wapate pesa, lakini hawakuuza. Anayempenda Yesu haogopi hasara.

Miaka ikapita. Yesu anawaandikia kupitia Yohana: anaijua kazi yao, anaijua subira yao. Huduma haikusimama. Lakini upendo wa kwanza waliuacha.

Mimi pia nimejipata hapo. Kuna wiki nilifungua Biblia kila siku, lakini natafuta mahubiri tu, simtafuti Bwana. Ratiba imejaa, moyo mkavu.

Dawa iko mstari wa 5: kumbuka ulikoanguka, tubu, rudia matendo ya kwanza. Hakuna mahali anasema ungoje kwanza moyo upate moto. Ulikuwa unaamka saa kumi alfajiri kuomba? Kesho amka. Ulikuwa unasamehe haraka? Mpigie huyo mtu simu leo.

Jiulize wiki hii: ni nini nilimfanyia Yesu kwa furaha, na sasa nafanya kwa mazoea tu?